Mwaka Tuliocheza Ndani ya Hangari la Pamba

Simu ilitoka Uvira asubuhi, na sauti nisiyoijua ikaniuliza kama mimi ndiye Kiroboto. Miaka mingi imepita hakuna mtu aliyeniita hivyo. Wajukuu zangu wenyewe jina hilo hawalijui. Nikajibu ndiyo, ndiye mimi, nani mwenzangu? "Mi ni mutoto ya Anselme," akasema. "Papa ametuacha jana. Alisema we uitwe." Nikaweka kikombe cha chai chini, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mke wangu akaniambia, "Mzee, mtu hasafiri kwa kuizunguka meza." Mchana ule ule nikatoka Bujumbura, nikavuka mpaka wa nchi pale Gatumba, na jioni nilikuwa nimekaa matangani kwenye kiti cha plastiki, katikati ya watu wanaoimba nyimbo za kanisa nisizozijua. Ndipo huyo mtoto wake, mtu mzima tayari, mvi zimeanza, alipovuta kiti karibu nami. "Baba, Papa alifukuzwa Bujumbura juu ya nini?" akaniuliza. "Sisi tukimuuliza anacheka tu. Anasema muulizeni Kiroboto." Haya sasa! Huyo ndiye Anselme. Hata kufa amekufa akiniachia kazi.

Nilimsimulia mwaka mmoja tu, na hapa nausimulia tena. Habari za baba na mama yangu na nani alizaliwa na nani pale mtaani kwetu Buyenzi naziacha, maana hazikuruka wala hazikutupa mpira. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa bado mpya, na watu walikuwa wamezoea kunyamaza ghafla redio inapokohoa, kisha kuendelea na maneno yao kwa sauti ya chini zaidi. Kila wiki kulikuwa na uvumi, kila uvumi ulikuwa na mwenyewe, na mimi kijana wa ishirini na kidogo miguu yangu haikutaka kukaa mahali. Nilitaka kwenda, sijui wapi. Nikiwa nyumbani nataka barazani, nikiwa barazani nataka sokoni, nikifika sokoni nimesahau nilichokifuata. Ndiyo maana wakaniita Kiroboto, na sikuona ubaya wake.

Kilichonishika ni basketi, mpira wa kikapu. Kulikuwa na kampuni ya pamba ya Mgiriki mmoja aliyezaliwa huku huku ziwani, mtu mnene mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha makarani wake, na huyo Mgiriki alipenda kushinda. Akaunda timu, akatuajiri. Mimi niliandikwa mtu wa mizani, Anselme akaandikwa mlinzi wa ghala, Shabani aliyekuwa nahodha wetu akaandikwa fundi wa magari, na huyo kweli alikuwa fundi. Lakini mizani niliigusa kwa nadra. Tulilipwa kucheza, na mjini watu walitusema: ati wanaume wazima wanalishwa kwa kuruka! Wivu tu. Pamba ya mwaka uliopita ilikuwa imekwisha kusafirishwa, mpya bado iko shambani, hangari liko tupu, na Mgiriki akasema mvua haitaharibu msimu wake, tutacheza ndani. Timu nyingine zote za mji zikawa zinakuja kwetu. Seremala akatengeneza mbao za vikapu kwa makasha ya vipuri, mistari tukaichora kwa chokaa, na watazamaji wakakaa juu ya magunia ya mbegu.

Hangari lile ningali nalisikia puani. Harufu ya mafuta ya mbegu za pamba, harufu ya magunia, na nyuzi nyeupe zilizobaki kwenye vyuma vya paa. Mpira ukigonga ubao kwa nguvu, nyuzi zinashuka polepole, zinakukaa kwenye nyusi, zinaingia mdomoni, na katikati ya mechi utamkuta mtu amesimama anapiga chafya huku mwenzake anafunga. Timu za wageni zilitulalamikia, zikasema tumeifundisha pamba yetu kucheza. Mvua ikinyesha juu ya yale mabati husikii firimbi wala jina lako. Anselme ndiye aliyetufundisha kuzungumza kwa mikono: kiganja juu, maana yake nipe; ngumi, maana yake zunguka; kidole sikioni, maana yake Kiroboto, acha kiherehere.

Alikuwa mrefu, mtulivu kupita kiasi, Mkatoliki wa Uvira aliyekuja na mkewe Feza walipokimbia vita vya kwao. Walikaa mtaa wa Cibitoke, chumba kimoja chenye kitanda, jiko la mkaa na msalaba, na nikienda pale nilikuwa naona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nagonga vitu. Feza alikuwa na mimba. "Shemeji, kaa," ananiambia. "Nyumba ni ndogo, na we unaijaza kwa kutembea." Ananipa mboga za lengalenga na bugali wa muhogo, na Anselme anakula taratibu, anatafuna kama mtu aliyeambiwa kesho ipo. Mimi nilikuwa nimekwisha kula, nimekwisha kunawa, natafuta viatu. Nilimpenda sana mtu yule, na alinikera sana. Vyote viwili ni kweli.

Mechi zote zilianzia kwenye sinia moja. Nyumba ya Mama Zaituni, shangazi yake Shabani, ilikuwa mtaa wa pili kutoka hangarini, na kila siku ya mchezo tulikaa chini kwenye mkeka wake, Waislamu na Wakristo, tukila kwa mikono yetu: wali, maharagwe, ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa na vitunguu. Mama Zaituni alikuwa na sheria yake. Hakuna mtu kuondoka kwenye sinia mpaka wa mwisho ameshiba. Wa mwisho daima alikuwa Anselme, na wa kwanza daima nilikuwa mimi, nimekaa pale natikisa goti mpaka vikombe vinalia. "We mtoto una wadudu?" ananikemea. "Mwenzio bado anakula. Mtu akila na watu, tumbo lake haliko peke yake." Mimi nilikuwa nikimwambia Anselme kwa jicho, bwana meza basi, twende! Naye anachambua miiba ya ndagala, samaki ambaye hata mtoto anamla mzima. Alikuwa anafanya makusudi. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akinichezea.

Tulishinda mwezi wa kwanza, tukashinda wa pili, jina letu likapanda. Siku moja baada ya mazoezi nilikuwa nimejilaza nyuma ya magunia, mara hiyo moja mwili umekubali kutulia, nikasikia upande wa pili wa ukuta wa mbao Mgiriki anaongea na karani wake mkuu. "Huyu Anselme karatasi yake ya kukaa naisimamia mimi," akasema. "Kombe likija, namwandika kazi ya kudumu, akae mpaka azeeke. Kombe lisipokuja, timu nafunga, na karatasi siisimamii tena." Karani akasema, "Musyo, kule kwao bado kunawaka." Mgiriki akajibu, "Mimi sikuwasha." Akatoka, nikasikia viatu vyake vinakwenda. Wakati ule upande wa pili wa mpaka kijana mrefu alikuwa anasimamishwa barabarani na kuulizwa yeye ni wa nani, na jibu lolote lilikuwa baya. Kaka yake Anselme alikuwa amelijibu swali hilo, wakamzika.

Nikakimbia mpaka Cibitoke. Nilimkuta anaosha sufuria, Feza amelala. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza, akafunika sufuria. "Mi najua, sha, ndugu yangu," akasema. "Alishaniambia mwenyewe." Nikamuuliza, na unaosha sufuria? Akasema, "Sasa nikiacha kuosha, kombe litakuja?" Yoo! Mtu kama huyu unamfanya nini? Kuanzia siku ile mimi ndiye niliyekosa usingizi kwa niaba yake. Nilimweleza Shabani, Shabani akawaeleza wengine, tukaapa kwa kila mtu na dini yake kwamba kombe lile ni la Anselme. Tukawa tunacheza kwa ukali. Mazoezini nilikuwa naruka mpaka magoti yanavimba.

Ramadhani ikatukuta karibu na mwisho wa msimu. Katika watano wa kwanza, watatu tulikuwa tunafunga: Shabani, mimi na kijana mmoja wa Buyenzi. Mama Zaituni akalihamishia sinia lake baada ya magharibi. Anselme naye siku za mechi akawa hali mchana. Nikamwambia, we Mkristo, kula, tunahitaji nguvu zako. "Apana," akasema. "Mi nile na nani?" Nikaona ni maneno tu ya adabu.

Fainali ilikuwa dhidi ya wanafunzi, vijana wa shule ya Mutanga, wepesi, wenye kaptula zinazofanana. Ilipangwa kuanza mapema alasiri ili imalizike kabla ya adhana. Hata hivyo Shabani akamfuata nahodha wao kabla ya siku, wakakubaliana kama watu wa mji mmoja: ikitokea adhana imetukuta uwanjani, mpira unasimama, waliofunga wanafungua kwa tende na maji, halafu tunaendelea. Nahodha yule akasema, "Ego, ndiyo, hata sisi tunaye mmoja anafunga." Wakapeana mikono. Na hapo ndipo tulipokosea, wote kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia mwamuzi. Nani amwambie, na kwa nini? Bujumbura nzima inajua adhana ya magharibi katika Ramadhani. Hata Baniani anaacha kupima kitambaa, hata askari anageuka upande ili mtu aliyemkamata anywe maji. Lakini mwamuzi alikuwa mwalimu Mzungu, kijana, ameshuka kwenye ndege juzi tu, na saa mkononi.

Siku yenyewe mvua ilishuka kama imetumwa. Paa likavuja katikati ya uwanja, tukakaa tunafuta sakafu kwa magunia, tunafuta na inavuja. Mgiriki anazunguka anatukana kwa Kigiriki. Feza alikuwa amekuja, amekaa kwenye gunia karibu na mlango, mikono juu ya tumbo, na Mama Zaituni kando yake na kapu la tende na mtungi wa maji. Mechi ikaanza saa ambayo ilitakiwa iwe inamalizika. Koo langu lilikuwa limekauka kabla sijaruka hata mara moja, na zile nyuzi za pamba zikazidi kulikausha. Tulikuwa tunaongoza, wakatukuta, wakatupita, tukawakuta. Kwa sababu ya mvua hatusikii kitu. Ni mikono tu, kiganja, ngumi, kiganja. Anselme alicheza siku ile, jamani. Sijui niseme nini. Alifunga vikapu ambavyo wanafunzi wenyewe walimpigia makofi.

Mwishoni kabisa wao walikuwa mbele kwa pointi moja. Muda uliobaki haukufika hata nusu dakika. Mpira tukaunyang'anya, Shabani akamrushia Anselme, naye akawa na njia wazi kuelekea kikapuni. Na mvua, Mungu anisamehe, mvua ikakatika. Ikakatika ghafla, mabati yakanyamaza, na kupitia ule mlango mkubwa ikaingia sauti ya mwadhini wa Buyenzi, safi, yuko katikati ya adhana yake.

Shabani akainua mkono. Nahodha wa wanafunzi akainua wake. Vijana wake wakasimama pale pale walipo, mikono chini. Mmoja wao, yule aliyekuwa na saumu, akaanza kutembea nasi kuelekea kwa Mama Zaituni. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika, kama kawaida yangu. Nikatia tende mdomoni, nikashika kikombe, na ndipo nikaisikia sauti ya mwamuzi: "Jouez! Jouez!" Chezeni! Anaonyesha saa yake. Saa haikusimama. Mtu wa meza ya kuhesabu muda akamwangalia Shabani, akamwangalia Mzungu, hakujua amtii nani.

Anselme alikuwa chini ya kikapu na mpira mkononi. Hakuna mtu mbele yake. Hata mtoto angefunga. Wanafunzi walikuwa wameona saa inakwenda, nao hawakusogea. Wawili walikuwa wametugeukia sisi, wanatuangalia tukinywa. Mgiriki amesimama juu ya gunia, uso mwekundu, anapiga kelele, "Tupa! Tupa, wewe! Tupa!" Watu wa upande wetu wakapokea, tupa, tupa. Feza amesimama. Mimi nikatema tende. Nikapiga kelele kuliko wote, sauti imekauka, maji yananimwagikia kifuani: "Anselme! Tupa kwa ajili ya Mungu!" Akanitazama. Akakitazama kikapu, na najua alikiona, alikuwa na macho mazuri. Kisha akauweka mpira kiunoni, akaukumbatia kwa mkono mmoja, akasimama anatusubiri tumalize kunywa.

Firimbi ikalia, muda umekwisha. Nyuzi za pamba zikaendelea kushuka. Watu wote wakasema kwa pamoja. Nahodha wa wanafunzi akamwendea mwamuzi, akamweleza, akaomba mechi irudiwe. Mzungu yule masikio yalimwiva, akasema sheria ni sheria, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Wanafunzi hawakusherehekea. Walilichukua kombe kama watu waliobebeshwa mzigo wa mwenzao, na nahodha wao akaenda kumwomba Mgiriki. Mgiriki akamjibu mbele ya watu wote, "Mimi sijengi timu ya watakatifu." Akamnyooshea Anselme kidole, akamwambia mwezi ukiisha asimwone.

Sinia la Mama Zaituni siku ile lilijaa, likabaki limejaa. Uji ulipoa, sambusa zikapoa. Shabani alikuwa analia waziwazi, fundi mzima, anarudia, "Ni mimi, ningemwambia yule Mzungu neno moja tu." Mimi nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilimwambia Anselme maneno mabaya. Nilimwambia amemwuza mkewe na mtoto ambaye hajazaliwa kwa ajili ya adabu, kwamba wanafunzi wale wangemsamehe kabla ya usiku kuingia. "Wangekusamehe!" nikasema. Akajibu, "Ndiyo, wangenisamehe." Akaendelea kula, yeye peke yake, taratibu, na Mama Zaituni akamsogezea vyombo karibu na kunifukuza mimi nje nikapoze kichwa.

Tulihangaika. Shabani alienda gereji baada ya gereji, wazee wa Buyenzi wakaenda kwa mkubwa mmoja, hata wale wanafunzi wakaandika barua. Kila ofisi ilisema mdhamini ni kampuni, na kampuni imekataa. Siku ya Idi asubuhi, tumetoka kuswali, tukawasindikiza mpaka barabara ya Gatumba. Feza alikuwa juu ya lori tayari, kati ya magodoro, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Mama Zaituni alimpa pilau ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kanga, akambariki kwa Kiarabu, naye akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nimejiapiza sitasema kitu. Nikashindwa. Nikamvuta Anselme pembeni, nikamshika shati. "Niambie," nikasema. "Kazi ya maisha yako yote ilikuwa pale juu, unaifikia kwa mkono. Ulikuwa unasubiri nini?"

Alinitoa mikono shatini, moja moja, bila haraka. "Nilikuwa nawasubiri nyinyi," akasema. "Kazi ile ningeila na nani?"

Nikamwambia angeila na Feza, mjinga wee, angeila na mtoto wake. Akacheka. Akanigonga kichwa kwa vidole, akapanda lori, likaondoka kuelekea mpakani ambako walikuwa wanauliza watu ni wa nani, na mimi nikabaki barabarani na kanzu yangu mpya, nikilia mbele za watu wote wa Idi.